Usiilazimishe

Kabla ya kuitazama saa yangu, yule fundi mzee aliisikiliza. Aliipandisha hadi sikioni, akafumba macho, na kwa muda ile kelele yote ya Jumamosi ya soko la Taveta ilikuwa kama haimhusu: akina mama wanaopigania bei ya mikungu ya ndizi, makondakta wa matatu za Voi, vijana wa bodaboda wanaoita abiria wa Holili. Kisha akaishusha juu ya kitambaa cheupe na kusema, "Hii ina mafua."

Nilikuwa nimeibeba kwenye leso tangu Moshi. Niliinunua kwa mama mmoja aliyekuwa akipunguza vitu vya marehemu babake, mzee aliyepelekwa kusomea umeme Urusi, enzi zile Urusi ikiwa bado ndani ya Muungano wa Kisovieti. Vijana wengi wa Afrika Mashariki walipita njia hiyo kuanzia miaka ya 1960. Wengine waliingia Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba kilichofunguliwa Moscow mwaka 1960, wengine vyuo vya ufundi na vya kijeshi katika miji ambayo jamaa zao nyumbani hawakuweza kuitamka. Walirudi na shahada, na makoti mazito yasiyovalika, na saa. Kisumu ilipata hospitali nzima kwa msaada wa Wasovieti, na watu wa huko wanaiita Russia mpaka leo. Basi si ajabu saa ya wapiga mbizi wa jeshi la majini la nchi isiyokuwapo tena ikazeekea kwenye mkono wa fundi umeme chini ya Kilimanjaro, kilomita mamia kutoka baharini.

Uso wa saa hiyo ni mweusi. Nukta za saa zimegeuka rangi ya chai ya maziwa. Kioo kilikuwa kimepiga njano na kujaa nyufa nyembamba kama utando wa buibui, hata ukitaka kujua ni saa ngapi uigeuze geuze ukitafuta mwanga. Juu imeandikwa kwa herufi za Kirusi, Amfibia. Chini kabisa, pembezoni mwa uso, kwa herufi ndogo unazoziona ukijua kwamba zipo: imetengenezwa katika Muungano wa Kisovieti. Maandishi hayo peke yake yanakupa umri, maana muungano ule ulivunjika Desemba 1991.

"Shida nyingine, mzee," nilimwambia, "kitufe cha kutilia ufunguo kimelegea. Nikikifungua kinacheza kama jino la mtoto."

Akakifungua, akakichezesha kwa ncha ya kidole, akakitazama kwa lenzi yake.

"Hakijalegea, mwanangu. Kimeumbwa hivyo. Aliyekifanya alikuwa na akili."

Sikumwelewa siku hiyo. Nimerudi kwake mara saba tangu wakati huo, na kila mara sentensi ile imezidi kunifunguka.

Kiwanda kilichoitengeneza kiko Chistopol, mji mdogo wa Tatarstan kando ya mto Kama. Mwaka 1941, majeshi ya Ujerumani yalipokaribia Moscow, mitambo ya kiwanda kimoja cha saa cha huko ilihamishiwa Chistopol, na baada ya vita haikurudishwa yote. Baadaye saa za hapo zikapewa jina Vostok, yaani Mashariki, kwa heshima ya vyombo vya angani vya jina hilo. Ndani ya kimojawapo Yuri Gagarin alizunguka dunia tarehe 12 Aprili 1961. Mwaka 1967 kiwanda kikatoa Amfibia. Kazi ya kuiunda ilikuwa mikononi mwa Mikhail Novikov na Vera Belova, na sharti walilopewa ni fupi kulitaja: saa ivumilie kina cha mita 200.

Fikiria sharti hilo kwa uzito. Kila mita 10 za maji huongeza mzigo wa takribani kilo 1 juu ya kila sentimita ya mraba. Kwa mita 200 ni kilo 20. Kioo chenye upana wa sentimita 3 kina eneo la sentimita za mraba 7 hivi, kwa hiyo kinabebeshwa kilo 140, zaidi ya gunia moja na nusu la mahindi, juu ya kitu kinachotoshana na kifuniko cha chupa ya maji. Maji hayo hayatulii. Yanatafuta tundu.

Kulikuwa na njia iliyokwisha kujulikana Uswisi: chonga kila kipande kwa usahihi wa hali ya juu, kaza chuma juu ya chuma, weka mpira mwembamba katikati, uyazuie maji kwa nguvu. Novikov na Belova walichukua njia nyingine. Waliyaacha maji yasukume, na wakapanga vipande vyao ili msukumo huohuo ndio uzibe.

Kioo cha Amfibia ni cha plastiki ngumu, kinene, chenye mbinuko mdogo. Maji yakikigandamiza kinajikunjua kidogo na ukingo wake unatanuka, ukazidi kujibana kwenye chuma kinachouzunguka. Ukienda chini zaidi, kinajibana zaidi. Kifuniko cha nyuma nacho ni vipande viwili: sahani bapa inayokaa juu ya mpira mnene, na pete yenye hesi inayoikaza. Katika saa nyingine kifuniko kizima huzungushwa, nacho kikizunguka huuburuta na kuusokota mpira. Hapa pete inazunguka peke yake; sahani ina vijino viwili vinavyoizuia isigeuke, inashuka tu, wima, kama mfuniko wa sufuria. Mpira hausokotwi, unalaliwa. Na maji yakisukuma sahani ile kutoka nje, yanaikaza zaidi juu ya mpira wake.

Kile kitufe nilichokidhania kibovu? Kikifunguliwa kinaachana na kijiti kinachoingia kwenye mashine, ndiyo maana kinayumba. Kukitumia, unakivuta nje kidogo sana huku ukikizungusha, na hapo kinakamata kijiti na kutia ufunguo. Kikigongwa kwenye mwamba, pigo halifiki ndani. Kikifungwa kwa mkono wenye haraka, hesi inabeba nguvu yote na kijiti hakijui kama kuna aliyekasirika. Kulegea kwake ndiko kunakokihifadhi.

Hayo yote niliyafahamu baadaye. Siku ile ya kwanza nilichoona ni mzee anayefungua droo na kutoa bikari, ile ya hesabu za shule, ambayo ncha zake mbili alikuwa amezipiga tupa hadi zikatoshea kwenye mapengo ya ile pete ya nyuma. Aliingiza ncha, akaongeza nguvu polepole, akasimama. Haikuzunguka. Nikasema ajaribu kwa koleo. Akaichukua saa, akatia tone moja la mafuta kwenye mzunguko wa pete, akaifunika kwa kikombe.

"Ukiilazimisha inakulipa," alisema. "Njoo Jumatano."

Soko la Taveta ni Jumatano na Jumamosi, na kazi ya saa yangu ilikwenda kwa kalenda hiyo. Ninaishi Voi. Nilipanda matatu asubuhi, tukapita Bura na Maktau, tukapita kilima cha Salaita ambako tarehe 12 Februari 1916 majeshi ya Uingereza yalishambulia mahandaki ya Wajerumani na kurudishwa nyuma kwa hasara kubwa. Nilikuwa nikipita kilima hicho bila kukifikiria. Sasa nakifikiria kwa sababu ya saa. Kabla ya vita vile wanaume wengi waliokuwa na saa walizitia mfukoni kwa mnyororo. Ni mahandakini, mikono ikiwa na kazi nyingine, walikozoea kuzifunga mkononi. Ile Jumatano, pete ilifunguka kwa mzunguko mmoja laini. Mafuta yalikuwa yamefanya kazi siku nne bila ya mtu.

Ndani ya kifuniko kulikuwa na maandishi. Mafundi wa zamani, wakimaliza kazi, hukwaruza alama kwa sindano upande wa ndani ambao mwenye saa hauoni: tarehe, herufi za jina, wakati mwingine mstari tu. Yetu ilikuwa na mbili. Moja ni ya tarehe, 14.6.88, kwa mwandiko wa mtu aliyesoma. Nyingine ni herufi mbili zilizokwaruzwa kwa haraka, bila mwaka. Mzee aliziangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Aliniambia fundi wa 1988 alikuwa mzuri, kwa kuwa hakuacha alama ya bisibisi kwenye skrubu hata moja. Kuhusu yule wa pili, akanyamaza. Akanionyesha skrubu moja yenye kichwa kilichochunika.

Hapa niseme neno kwa wanaokusanya saa hizi. Soko limejaa saa za viraka: uso wa saa hii, mashine ya ile, akrabu za tatu, yote yakaitwa asili. Ukiweza, ifunguliwe mbele yako. Chini ya gurudumu la mizani utaona namba ya mashine, nayo inasomeka kama sentensi. Yangu ni 2409: tarakimu mbili za mwanzo ni upana wa mashine kwa milimita, 24, mbili za mwisho zinasema ni ya kutia ufunguo kwa mkono, akrabu ya sekunde ikiwa katikati, na ina kinga ya mishtuko. Ukikuta 2414, iwe na dirisha la tarehe usoni. Ukikuta 2416, inajijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono na ina tarehe pia. Namba na uso vikipingana, kimojawapo ni kigeni. Zaidi ya hapo sioni sababu ya kumdharau mtu mwenye saa ya viraka anayeipenda.

Kuivunja, kama mafundi wanavyosema, kulianza kwa kuondoa nguvu. Springi kuu ikiwa imejaa halafu ukafungua daraja lililoishikilia, magurudumu yanazunguka kwa kishindo na meno yanakatika. Kwa hiyo alishika kitufe kwa vidole viwili, akasogeza kikomeo kidogo kinachozuia springi isirudi, akaiachia nguvu ile itoke kati ya vidole vyake kidogo kidogo. Nilisikia mlio wake, kama panzi anayechoka. Ndipo akatoa akrabu, akiwa ametandaza kipande cha karatasi laini juu ya uso ili koleo isiuguse.

Neno akrabu ni la Kiarabu na maana yake ya asili ni nge. Sijui kifaa kingine cha nyumbani ambacho Kiswahili kimekipa mkia wenye sumu, lakini ukiziona akrabu za saa zikilala peke yake juu ya karatasi, ncha zimeinuka kidogo, huoni kosa.

Kila kilichotoka kiliingia kwenye kifuniko chake cha soda, na vifuniko vilipangwa kwa mstari kutoka kushoto kwenda kulia, kwa utaratibu wa kutoka. Vilikuwa 23. Kurudisha ni kusoma mstari huo kinyume. Hakuandika chochote.

Mafua yalikuwa mafuta. Mafuta ya saa yakikaa miaka mingi hukauka na kuwa gundi ya rangi ya asali, na magurudumu yanayopaswa kuteleza yanaanza kukokotana. Aliosha kila kipande kwa petroli safi mara tatu, kila mara katika kikombe kipya, kwa brashi ya rangi ya watoto aliyoikata nywele fupi. Lakini petroli haifiki ndani ya matundu ya rubi, na matundu ndiyo yenye siri.

Mashine hii ina rubi 17. Ni mawe ya kutengenezwa na binadamu. Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza njia ya kuyatengeneza kwa moto mwaka 1902, na tangu hapo saa hata za watu wa kawaida zikaweza kuwa nayo. Ekseli nyembamba kama unywele zinazunguka ndani ya matundu yake, kwa sababu chuma juu ya jiwe gumu na laini hakilani upesi kama chuma juu ya chuma. Nilimwambia mzee kwamba rubi za ardhini zinachimbwa Mangare, kaunti hii hii yetu. Alijua. Alikuwa amewaona wachimbaji wakipita na vifurushi vyao miaka ya nyuma. "Zile za shingoni," alisema. "Hizi ni za kazi."

Kusafisha tundu la rubi alitumia mwiba wa mkonge. Taveta ni nchi ya mkonge, na ncha ya jani la mkonge ni ngumu, nyembamba, na haina chembe za chuma. Alichonga ncha kwa wembe, akaiingiza tunduni, akaizungusha kati ya vidole, akaitoa. Imechafuka. Akaichonga upya, akaingiza tena. Akaendelea hivyo hadi mwiba ukatoka kama ulivyoingia, mweupe, kisha akahamia tundu la pili. Mwiba hauwezi kukwaruza rubi hata ukitaka. Alitumia saa mbili na nusu, na katika muda huo wateja wanne walikuja kubadilisha betri za saa za ukutani. Kila mmoja alihudumiwa kwa adabu, kisha mzee akarudi kwenye tundu lilelile.

Hiyo ndiyo sehemu ya ufundi ambayo haionekani kabisa baadaye. Hakuna atakayeifungua saa yangu aseme, matundu haya yalisafishwa kwa mwiba mara tisa. Itatembea tu.

Sehemu ngumu kuliko zote aliiacha kwa asubuhi nyingine, na akaniambia nifike mapema kama nataka kuona. Gurudumu la mizani ndilo moyo wa saa: linakwenda na kurudi, likirudishwa na springi nyembamba iliyojizungusha kama ganda la konokono, ambayo mafundi wanaiita unywele. Mizani ya saa hii hupiga mara 19,800 kwa saa moja. Kwa siku ni mara 475,200. Kila mapigo mawili yanaruhusu jino moja kupita, na akrabu inasogea. Unywele ukiwa safi na duara zake zimeachana sawasawa, saa inakwenda sawa. Mafuta yakizigandisha duara mbili pamoja, springi inakuwa kama imefupishwa, na saa inaanza kukimbia. Yetu ilikuwa na duara zilizogandana, na ya nje ilikuwa imepindwa na koleo la mtu. Nadhani ni yule mwenye herufi mbili, lakini mzee hakusema, nami sitasema zaidi ya hapo.

Alikuja kabla ya chai. Mikono baada ya chai, alieleza, ina mawazo yake. Alizima feni. Akaweka unywele juu ya kipande cha kioo, chini yake karatasi nyeupe, akachukua vibano viwili vyembamba. Kwa kibano kimoja alishika mahali penye kasoro. Kwa kingine alishika kando yake na kusukuma kwa kiasi ambacho mimi, niliyekuwa nimeinama hadi pumzi yangu ikamlazimu aniombe nirudi nyuma, sikuweza kukiona. Akaachia. Akatazama. Duara ilikuwa imesogea, au haikuwa imesogea, yeye alijua. Akapumzisha mikono juu ya mapaja. Akarudia. Karibu saa nzima ilipita hivyo, na ndani yake nadhani aliigusa springi mara kumi na tano, si zaidi. Muda uliobaki wote ulikuwa wa kutazama.

Alipoinua kichwa, duara zilikuwa zimeachana kama mawimbi ya jiwe lililotupwa kisimani. Nimeona kazi nyingi za mikono katika maisha yangu, majahazi yakijengwa Lamu na milango ikichongwa Unguja. Hii haikuwa ndogo kuliko hizo, isipokuwa kwa ukubwa.

Mafuta mapya aliyatia kwa sindano aliyoibapaza ncha. Tone linalohitajika kwenye tundu la rubi ni dogo hata halionekani bila lenzi. Likizidi linatambaa na kuondoka, na mahali palipotiwa panabaki pakavu, na fundi asiyejua anashangaa mbona nilitia mengi.

Kisha tukasubiri mpira. Ule wa zamani ulikuwa umekauka kama biskuti na ulivunjika vipande vitatu ulipoguswa. Nilishauri akate mwingine kutoka kwenye tyubu ya baiskeli. Alikataa kwa upole: kwa saa ya kuvaa ofisini sawa, kwa saa ya majini ni kumdanganya mwenye saa. Bahati ni kwamba Amfibia bado inatengenezwa Chistopol na umbo lake la msingi halijabadilika, kwa hiyo mpira na kioo vya leo vinaingia kwenye saa ya enzi za Wasovieti. Niliviagiza. Vilichukua wiki sita. Katika wiki hizo mashine ilikaa chini ya kikombe mezani pale, safi, imekamilika, ikitembea bila akrabu, ikipima saa ambazo hakuna aliyeweza kuzisoma.

Kuna jambo tulilobishana. Nilitaka chuma cha nje king'arishwe. Kina mikwaruzo ya miaka, na kona zake zilizochongwa kiwandani bado ni kali. Mzee aliniuliza kama nilitaka saa au kijiko. Kung'arisha ni kuondoa chuma, alisema, na kona ikishakuwa duara hairudi. Kuhusu uso hakutaka hata mazungumzo. Zile nukta za rangi ya chai hazing'ai tena gizani, nilitamani zipakwe dawa mpya. Aliniambia saa nyingi za zamani zilipakwa vitu vyenye sumu ya mionzi, na fundi mwenye busara hakwangui nukta za zamani asizojua zilipakwa nini, haleti unga wake karibu na pua, na hali mezani pake. Kioo kilichobadilishwa kilikuwa lazima. Mengine yaliachwa. Nilikubali kwa shingo upande, na leo nafurahi kwamba yeye ndiye aliyekuwa na saa mkononi, si mimi.

Kurekebisha mwendo kulichukua siku kumi na moja. Aliilaza kifudifudi usiku mmoja, chali usiku mwingine, akaisimamisha kitufe kikiwa chini, kitufe kikiwa juu, kwa sababu mizani huenda tofauti kidogo kila inapogeuzwa, na mkono wa binadamu hauilazi upande mmoja. Kila asubuhi aliilinganisha na mlio wa redio wa saa kamili na kuandika tofauti kwa penseli nyuma ya pakiti ya majani ya chai. Ilianza kwa kukimbia sekunde 70 kwa siku. Alisogeza kishikizo cha unywele kwa upana wa ukucha wa sisimizi. Arobaini. Akasogeza tena. Ishirini na tano. Ilipofika kumi na mbili aliacha, ingawa nilijua angeweza kuendelea. "Ya umri wake," alisema.

Jaribio la maji alinituma mimi, maana magoti yake hayamruhusu kushuka Chala.

Ziwa Chala liko kaskazini ya mji, ndani ya shimo la volkano, mpaka wa Kenya na Tanzania ukilikata katikati. Unatembea kwenye vichaka vikavu, huyaoni maji mahali popote, kisha ardhi inaisha na chini yako kuna buluu iliyotulia. Maji yake hutoka chini ya ardhi, kutoka miteremko ya Kilimanjaro. Kina chake hakifiki mita 100, kwa hiyo hata ungeiangusha Amfibia mahali palipo na kina kikubwa kuliko pote, ungekuwa hujafika nusu ya sharti walilopewa Novikov na Belova.

Ziwa lenyewe nalo ni saa. Msimu wa upepo na ukavu, viumbe vidogo vya majini hufa kwa wingi na magamba yao hutandaza utando mweupe chini. Miezi mingine ya mwaka utando huwa mweusi. Mweupe na mweusi, mwaka mmoja. Mweupe na mweusi, mwaka wa pili. Mwaka 2016 wanasayansi walitoboa sakafu ya ziwa hili na kutoa nguzo za matope kutoka kina cha zaidi ya mita 200 chini ya sakafu hiyo, kumbukumbu ya takribani miaka 250,000. Hakuna aliyeitia ufunguo.

Mvuvi mmoja alikubali kunisaidia. Tuliifunga saa ndani ya kipande cha wavu pamoja na jiwe, kwenye uzi wa nailoni niliokuwa nimeupima kwa mikono, pima kumi na tano. Kitufe nilikikaza kwa vidole viwili tu. Akaishusha kutoka kwenye mtumbwi wake hadi uzi ukaisha, na tukakaa. Tuliongea habari za samaki, na za mamba, na za watoto wake wanaosoma Mwatate. Baada ya nusu saa aliivuta. Ilitoka baridi, ikidondosha matone, akrabu ya sekunde ikizunguka kama ilivyoondoka.

Sikuiangalia ndani. Hiyo ilikuwa kazi ya mzee. Jumatano alinipokea kwa marahaba yake ya kawaida, akaiweka saa juani juu ya bati dakika kumi hadi ikawa ya moto, kisha akadondosha tone moja la maji baridi juu ya kioo. Kama kuna unyevu ndani, hata kidogo, ukungu utajitokeza chini ya tone lile. Tuliinama wote wawili. Tone lilikaa pale, wazi kabisa, na chini yake namba 12 ilionekana imekuzwa kidogo, nyeusi ya uso ikiwa nyeusi.

Akaifungua tena kwa bikari, mara ya mwisho. Akachukua sindano, akageuza kifuniko, na chini ya herufi mbili za yule asiyejulikana akakwaruza tarehe ya siku ile na herufi moja ya jina lake. Akapaka mpira mafuta yake, akaulaza, akashusha sahani juu yake wima, akakaza pete.

Kisha, bila kuombwa, akashika ile pete ya nje inayozunguka kioo, ambayo wapiga mbizi huitumia kuhesabu dakika walizokaa chini. Ina nukta moja nyekundu, ambayo kwa kawaida hukaa juu, kwenye 12. Aliizungusha nusu duara hadi nyekundu ikakaa chini, kwenye 6, akanipa saa. Akrabu fupi ilikuwa kwenye 10. Nilihesabu kutoka kwenye nukta nyekundu: moja, mbili, tatu, nne.

"Saa nne," nilisema.

"Saa nne kamili," alisema mzee, na akamwita mteja aliyefuata.